Kwa mdogo wangu, aliyeondoka na njaa

Mdogo wangu,

Shangazi ameniambia kuwa umeanza tena kupunguza uzito ili upigane karate. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu mwaka wa nne huu simu zangu hupokei, na wasomaji wengine wataniwia radhi kwa yale wasiyoyajua.

Unaikumbuka alasiri ya tarehe 7 Agosti 2021, sote watatu mbele ya televisheni, mama kainyanyua miguu yake iliyovimba juu ya kigoda. Ilikuwa fainali ya Olimpiki ya kumite, karate ya kupigana wawili, ya wanaume wa uzito wa juu, ukumbi wa Budokan, Tokyo. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa pointi 4 kwa 1 alipomrushia Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwani, na Ganjzadeh akalala palepale, akatolewa kwa machela. Mimi na mama tulikwisha kumshangilia Hamedi. Wewe ndiye uliyetueleza kuwa teke la kichwani lina pointi tatu likifika kwa kipimo, ila likizidi hadi kumlaza mwenzako namna ile, aliyepiga huondolewa na dhahabu humwendea aliyelala. Mama akakuuliza, "Hata kama hakukusudia?" Ukamjibu bila kugeuza uso: "Nia haiangaliwi, mama."

Jibu hilo ndilo ulilokuja kunihukumia mimi.

Lakini kabla ya mashindano yako ya Cairo kulikuwa na jikoni. Mizani ilikuwa imesoma kilo 69.4, nawe ulitakiwa ufike 67. Nilikuuliza kwa nini usipande kwenye kilo 75, ukasema kule watu wana mikono mirefu kama ngalawa. Wiki nzima ulikimbia Raskazoni, hapa Tanga, saa nane mchana ukiwa ndani ya koti la mvua, ukarudi na kikombe cha kutemea mate, kwa kuwa hata mate yana uzito. Jioni ya kuamkia safari mama aliinuka kitandani, yeye ambaye alikuwa hawezi kusimama kwa muda wa kuchemka chai, akakuna nazi mwenyewe, akapika wali na changu wa kupaka, akakupakulia na ukoko pembeni kama upendavyo. Ulitia tonge moja mdomoni, ukatafuna polepole, ukamsifu. Alipogeuka kuchukua maji ukalitema kwenye leso na kuikunja. Ulidhani hakuona. Mimi nilikuwa mlangoni na niliuona uso wake kwenye kioo cha dirisha. Hakusema neno, aliifunika sahani kwa kawa, na asubuhi, ukiwa tayari uwanja wa ndege, aliupasha moto wali ule akaula yeye, kidogokidogo, mpaka ukaisha.

Ungekataa tu. Ungesema, "Mama, siwezi," angekuelewa, maana alikulea tangu ulipokuwa ukirudi kutoka dojo, ukumbi wa mazoezi, na vidole vimevimba. Sijui kwa nini leso ile inaniuma kuliko yote yaliyofuata.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Mama alifariki alfajiri ya siku yako ya kupigana. Saa nne asubuhi ujumbe wako uliingia: umetoka raundi ya kwanza, sare ya pointi 1 kwa 1, lakini aliyetangulia kupata ni mpinzani wako, kwa hiyo senshu, ushindi wa aliyetangulia, ni yake. Ukaongeza kuwa akifika fainali utarudishwa kugombea shaba, basi unasubiri. Niliusoma nikiwa nimeegemea mlango wa chumba ambamo wanawake walikuwa wakimwosha. Ujumbe wa pili ukauliza, "Mama anaendeleaje?" Nikakuandikia neno moja: "Amepumzika."

Unasema nilikudanganya. Sikukudanganya, neno lile ni la wagonjwa na ni la marehemu, nawe ulichagua maana uliyoitaka. Naam, najua nililichagua kwa sababu hiyohiyo. Lakini nipime kwa haki. Maziko yalikuwa baada ya swala ya adhuhuri, na hakuna ndege ambayo ingekutoa Cairo ikakufikisha Tanga kwa muda huo. Ningekwambia, ungekaa kwenye benchi lile peke yako, katikati ya watu wasiojua hata lugha yako, ukiwa na mkanda mwekundu kiunoni. Nilikuwa nakuhifadhia zile saa mbili tatu. Aliyekushinda akaja kutolewa nusu fainali, hukuitwa tena, na ulipopiga simu udongo ulikuwa umeshamwagiwa maji. Ulilia, kisha ukaniambia kwa sauti iliyokauka kuwa nilikunyima kumsalia mama kwa ajili ya shaba ambayo hata hukuipata. Mimi sikuitaka shaba! Wewe ndiye uliyeandika kuwa unasubiri.

Sasa una miaka 34. Nakumbuka ukinitajia Sandra Sánchez, Mhispania aliyechukua dhahabu Tokyo akiwa na miaka 39, lakini yule alishindana kwenye kata, upande wa karate ambako mtu hupambana na hewa na hakuna anayekuja kukuvunja pua. Karate haikuwamo Paris 2024, ingawa Mfaransa Steven Da Costa alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kilo 67, uzito wako, na michezo ilikuwa nyumbani kwao. Wala haimo katika ratiba ya Los Angeles 2028. Unajinyima chakula kufuata mlango gani? Rudi ufundishe watoto, wapo wengi huku wanaorushiana mateke mchangani bila mtu wa kuwaonyesha kuukunja mguu. Nasema hivi kama dada, si kwa kukukomoa, ingawa najua utasoma kuwa nakukomoa, na pengine ningekuwa nimenyamaza jioni ile pale mlangoni nisingekuwa na haki ya kusema leo. Kumbe nilinyamaza kweli.

Gi yako nyeupe, vazi lako la karate, imo kabatini kwa mama, rafu ya chini, na ufunguo uko palepale. Khitma yake tutaisoma Ijumaa ya pili ya mwezi ujao. Nitapika wali na changu. Kama una mizani ya kupanda wiki hiyo, niambie mapema, nisikupakulie.

Dada yako