Kichupa cha kaka yako na mayai ya Bi Zena

South C, Nairobi
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu kem kem, na unisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Uliniuliza mambo mawili: kama umpe mama yako, Bi Zena, zile tembe za melatonini alizozituma kaka yako kutoka Marekani, na kama ni kweli kwamba akinyimwa mayai na samli kumbukumbu zitamrudia.

Sasa ni saa kumi na mbili kasorobo na Mama ameshaanza. Ameikunja leso yake, ameifungua, ameikunja tena, kisha ameitia kwenye kiondo pamoja na rimoti ya televisheni na kijiko kimoja. "Nipelekeni kwetu, jua linatua." Kwao ni hapa hapa, mwaka wa thelathini na moja huu. Sibishani naye tena. Namwambia tungoje chai kwanza.

Nianze na kichupa. Melatonini ni homoni ambayo mwili wenyewe huitoa gizani, kwenye tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo. Aliyeitenga mwaka 1958 ni Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, daktari wa ngozi. Alikuwa akihangaika na tezi za ng'ombe akitafuta dawa ya mabaka ya ngozi, akaokota kitu kingine kabisa. Uzeeni homoni hii hupungua, na kwa wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, hupungua zaidi; huenda ni sababu mojawapo ya usiku wao kuwa mchana. Maabarani imeonekana ikizuia amiloidi beta, ile protini inayoganda ubongoni mwa wagonjwa, isijisokote kuwa nyuzi. Hapo ndipo wauzaji waliporukia. Lakini ilipojaribiwa kwa wagonjwa wenyewe haikuwarudishia kumbukumbu, na hata usingizi wao haikuutengeneza kwa namna ya kutegemewa. Bi Zena anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo usimpe hata tembe moja kabla ya kumwonyesha daktari wake kichupa hicho. Na mzee akiamka na usingizi machoni kwenda msalani, nyonga inavunjika hivi hivi.

Nilichokiona mimi kikisaidia ni mwanga. Asubuhi namtoa Mama barazani na chai yake, jua limpige usoni nusu saa au zaidi. Huku kwetu jua halina msimu, mwaka mzima linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, basi saa kumi na mbili taa zote zinawaka kabla vivuli havijaingia sebuleni. Saa tatu nazipunguza na televisheni inazimwa, hata kama wajukuu watanuna. Halali kama mtoto, lakini sasa anaamka mara mbili, si mara sita.

La mayai liliniuma zaidi, maana nimelipitia. Kliniki moja hapa mjini walituambia tumkatie Mama mafuta yote. Tukatii. Akapungua kilo sita kwa miezi mitatu, nguo zikawa zinamning'inia, na jina langu bado hakulikumbuka.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unabeba karibu robo ya kolesteroli yote tuliyo nayo, aina ya mafuta iliyomo pia kwenye mayai na samli, na unajitengenezea wenyewe. Ile ya damuni haivuki kuingia humo. Kolesteroli ya ubongo inabebwa na protini iitwayo apoE, na mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba aina moja ya jeni yake, e4, inaongeza hatari ya Alzheimer. Tena kwenye utando wa seli, palipo na kolesteroli nyingi, protini mama ya amiloidi beta huelekea kukatwa kwa namna inayoizaa. Kwa hiyo uhusiano upo, ila haupitii kwenye sahani ya mgonjwa wa miaka themanini.

Na Afrika ina habari yake. Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, walilinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo yalipotoka mwaka 2001, wagonjwa wapya wa Alzheimer kule Ibadan walikuwa asilimia 1.15 kwa mwaka, na Indianapolis asilimia 2.52. Hata e4 haikuonekana na makali yale yale Ibadan. Lakini kwa wale wasiokuwa nayo, kolesteroli ya damu ilivyopanda ndivyo na hatari ilivyopanda.

Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet iliiongeza LDL, ile kolesteroli mbaya, kwenye orodha ya mambo 14 yanayochangia kupoteza akili uzeeni. Soma vizuri walivyoandika: LDL ya umri wa kati. Hapo hazungumziwi Bi Zena, shoga. Ni mimi na wewe, tuliovuka hamsini na bado tunagombania viazi karai.

Kwa hiyo mpe mama yai lake. Mimi nimetolewa damu Ijumaa, majibu ni Alhamisi. Wewe ulipima lini?

Mama ameshavaa viatu, acha nikamtengenezee hiyo chai.

Wako,
Salma