Mama ameanza kugawa leso zake

Shangazi, shikamoo.

Mamangu ana miaka 58. Mwaka huu alipatikana na saratani ya titi, akakatwa, kisha akaanzishiwa kemo, zile dawa kali za saratani: mizunguko sita, kila baada ya siku 21. Amemaliza minne. Siku ya zamu yake tunavuka feri alfajiri kutoka Likoni kabla watu hawajajaa, maana harufu zinamtia kichefuchefu. Ile dawa nyekundu, inayogeuza hata mkojo rangi, aliistahimili. Nywele zilipomwagika alicheka, akasema kumbe mtandio una kazi.

Wiki mbili zilizopita aliniita chumbani, akafungua sanduku, akaanza kugawa leso. Jozi hii ya dadako, hii ya wifi yako. Yangu ni ile ya "Wema hauozi", aliyojifunga siku ya harusi yangu. Nikamwambia, "Mama, si utazivaa Idi?" Akanyamaza. Usiku ndipo akasema, "Nimechoka, mwanangu. Wa tano siendi."

Kulipokucha wakaja wageni, naye akakaa barazani akitabasamu na kuulizia watoto wa watu. Kila mmoja anamwambia apige moyo konde, eti akikata tamaa tu kansa imemshinda. Wanampenda, siwalaumu. Lakini neno hilo limemfunga mdomo. Siku moja aliniuliza kama kulia kwake kwa siri ndiko kulikoshusha damu yake hata zamu ya tatu ikaahirishwa. Shangazi, ilibidi nitoke nje. Muuguzi alinieleza kwamba ni dawa yenyewe inayopunguza chembe nyeupe za damu, machozi hayana kosa. Nilimwambia mama. Sidhani kama alisadiki.

Kliniki wanauliza homa, kutapika, vidonda vya mdomo. Moyo wake haujaulizwa hata mara moja, na foleni nyuma yetu ni ndefu.

Mara moja tu nimemwona mama niliyemzoea. Alikuwa akiuza viazi karai jioni, na tangu akatwe, karai limeangikwa ukutani. Juzi nikajaribu mwenyewe. Akaniita kwa kelele kutoka kitini: "Unga huo mzito, unapika viazi au unakandika nyumba?" Saa nzima alinisimamia. Kisha akalala, na kesho yake hakutaka hata chai.

Mjomba anasema ni husda, asomewe. Sina ugomvi na kisomo, mama mwenyewe hutulia akisomewa. Kaka anataka apelekwe kemo kwa nguvu. Nilipotaja mshauri wa kisaikolojia, nikaambiwa namfanya mama mwendawazimu. Nasikia sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, huwapata wagonjwa wengi wa saratani na hutibika, na kwamba hapa Mombasa tunayo Coast Hospice, kituo kinachowatunza wagonjwa wa maradhi mazito kama yeye. Ila kwetu ukitaja hospice tu, watu wanawaza sanda.

Zamu ya tano ni Jumanne ijayo. Nitajuaje kama anayekataa ni mama mwenyewe, ameshapima akaamua, au ni sonona inayomsemea? Nimwombe aende, au kumwomba nako ni kumwongezea mzigo? Nimpeleke vipi kwa mtu wa kuzungumza naye bila nyumba kuwaka moto?

Na ile leso, Shangazi, bado iko juu ya sanduku lake. Niipokee?

Ni mimi bintiye,
Likoni, Mombasa