Kwa wanaojenga kidogo kidogo: ramani ikatwe kabla ya msingi

Sisi ni wabunifu majengo, na wateja wetu wengi wa Dar es Salaam na Pwani hawana fedha ya kujenga nyumba nzima kwa mkupuo. Wanajenga kwa mshahara, kwa upatu, kwa mkopo wa saccos, na wengine kwa kile anachotuma kaka aliyeko Muscat. Msingi mwaka huu, ukuta mwakani, kupaua Mungu akijalia. Huo ni utaratibu wa kawaida na hatuna neno nao. Neno letu ni kwamba ramani nyingi tunazoletewa, hasa zile za kuzungushwa WhatsApp, zimechorwa kwa mtu anayeanza Januari na kuhamia Desemba.

Tazama inavyokwenda. Nyumba ni ya vyumba vitatu, kimoja masta, pamoja na sebule, jiko na stoo. Fundi anachimba msingi wote, anamwaga jamvi lote, anapandisha kuta zote hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Fedha inaishia hapo. Masika ya kwanza yanapita, ya pili yanapita. Nondo za nguzo zilizoachwa wazi zinashika kutu, na hewa ya chumvi ya huku kwetu inaziharakisha. Nyasi zinaota sebuleni, na wewe bado unalipa kodi Tandika. Kuta zote zipo, chumba cha kulala hakuna hata kimoja.

Ndiyo maana hatuanzi kwa kuuliza unataka vyumba vingapi. Tunauliza awamu ya kwanza una kiasi gani na nani atalala humo. Kisha tunachora nyumba nzima, halafu tunaikata: vyumba viwili, choo, na kile kitakachokuja kuwa jiko, vyote vikiwa na paa lao. Familia inahamia, na ile kodi uliyokuwa unampa mwenye nyumba inaanza kununua tofali za awamu ya pili. Kwetu sisi, vyumba viwili vilivyopauliwa vina thamani kuliko vitano vilivyoishia kwenye lenta, hata kama majirani watasema umejenga kibanda.

Kukata nyumba kunataka akili. Paa la awamu ya kwanza lazima lijitegemee, na la pili lije liungane nalo bila kuleta maji katikati ya nyumba. Ukuta ambao leo ni wa nje kesho utakuwa wa ndani, kwa hiyo mabomba ya choo hayapitishwi hapo. Kitu kinachookoa fedha nyingi kuliko vyote ni dirisha litakalogeuka mlango. Upana wake unawekwa wa mlango tangu mwanzo, lenta iko juu mahali pake, na chini ya dirisha pamejazwa tofali tu. Siku ya kuendeleza, fundi anatoa dirisha, anabomoa zile kozi chache za chini, anaweka fremu, kazi imekwisha. Lenta haijaguswa. Kama mchoro haukuliwaza hilo, utamlipa fundi atoboe ukuta wenye plasta na rangi, kisha umlipe tena kuurudishia.

Kama ndoto yako ni ghorofa, tuambie siku ya kwanza hata kama unaanza na chumba na sebule. Msingi na nguzo za ghorofa hupigiwa hesabu na mhandisi mapema. Msingi wa nyumba ya chini haugeuki wa ghorofa kwa sababu mambo yako yamenyooka.

Kabla ya kuchora chochote tunakwenda kiwanjani, na tunaomba mwenyewe uwepo. Tunatafuta bikoni, yale mawe ya mipaka, tunaangalia mteremko, tunauliza majirani maji ya mvua yanapita wapi. Goba na Madale kuna viwanja vya mteremko ambapo ramani ya kiwanja tambarare humeza mawe na kifusi msingini mpaka fedha ya ukuta inaisha. Kigamboni kuna sehemu maji yako karibu sana na uso wa ardhi, na shimo la maji taka lililochimbwa bila kufikiriwa hujaa masika yakianza. Shimo lenyewe, ramani za mtandaoni huwa hazilionyeshi kabisa. Sisi tunaanza nalo, tena tunaliweka mahali ambapo gari la kunyonya litalifikia bila kupitisha mpira sebuleni.

Halafu kuna jua. Dar iko karibu na ikweta, jua la mchana linakuwa utosini. Linalotesa ni la jioni, linalopiga ukuta wa magharibi kuanzia saa tisa hadi linapozama. Tofali linaliweka joto hilo na kulitoa usiku, wakati umelala. Kwa hiyo upande wa magharibi tunapenda kuweka stoo, choo na ngazi, na vyumba vya kulala tunavipa madirisha yanayotazamana na upepo: kusi unatoka kusini mashariki, kaskazi unatoka kaskazini mashariki. Upepo uwe na pa kuingilia na pa kutokea. Utaona tofauti kwenye LUKU.

Tukiwa hapo hapo, tuseme la paa la kuficha, maana kila wiki linaulizwa. Tunalichora, na likijengwa vizuri linapendeza. Ila ujue unachonunua. Ule ukuta unaofichia bati unageuza paa kuwa beseni, na maji yote yanategemea mtaro wa ndani na matundu machache ya kutolea. Majani ya mwembe wa jirani yakiziba tundu moja usiku wa mvua kubwa, asubuhi jipsamu ya dari iko sakafuni. Pia hakuna upenu wa kukinga kuta na madirisha na mvua na jua. Ukilitaka, kubali kupanda juu kusafisha mtaro kabla ya masika na kabla ya vuli. Kwa mtu anayejenga kwa awamu, paa la kawaida lenye upenu mpana ni rahisi zaidi kuendeleza.

Kibali cha ujenzi kinatolewa na halmashauri yako. Michoro tunaiandaa sisi, karatasi za umiliki wa ardhi unazileta wewe. Mbunifu yeyote utakayemchukua, sisi au mwingine, mwombe namba yake ya usajili katika Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kisha uihakiki huko kwenye bodi. Asiyetaka kuitoa, mwache.

Malipo yetu ni kwa hatua: mchoro wa awali, michoro ya kibali, michoro ya fundi, na usimamizi kwa anayeutaka. Usimamizi ndio wengi wanaukata ili kubana matumizi, na hapo hatukubaliani nao. Fundi mzuri atakwambia, "Bosi, hili dirisha tulisogeze kidogo huku," naye ana nia njema kabisa, lakini huku ndiko nguzo ya awamu ya pili ilikopangiwa. Usimjibu papo hapo. Piga picha, tutumie, subiri jibu. Kama huwezi kulipia usimamizi wote, lipia angalau tufike mara tatu: msingi unaposetiwa, yaani unapopimwa na kuchorwa ardhini, nondo za lenta zinapofungwa kabla ya zege kumwagwa, na kenchi, zile mbao za kubeba paa, zinapopandishwa.

Ukija ofisini mara ya kwanza, leta hati au karatasi yoyote ya kiwanja uliyonayo, picha zake, na kiasi halisi ulichonacho, si kile unachotarajia. Na kama mmeoana, njooni wawili. Michoro mingi inayorudi kurekebishwa ni ya baba aliyekuja peke yake na mama akaliona jiko baadaye.