Cheo kwa marehemu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu mataifa na majimbo yanayoteua wanyama wa kuyawakilisha. Mnyama anatangazwa, anachorwa kwenye nembo, watu wanapiga makofi, kisha huko porini anaachiwa Mungu.

Tazama California, Marekani. Dubu aina ya grizzly yuko kwenye bendera rasmi ya jimbo hilo tangu 1911. Miaka hiyo hiyo wafugaji na wawindaji walikuwa wakimmaliza kwa risasi, mitego na sumu, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 hakubaki hata mmoja jimboni. Mwaka 1953 wakubwa wakampitisha kuwa mnyama rasmi wa jimbo. Marehemu wa miaka karibu 30, ndipo anapewa cheo!

Tasmania, jimbo la Australia, nako nembo ya 1917 imeshikwa na thylacine wawili, yule mnyama mwenye mistari mgongoni. Ulinzi wa kisheria alipewa Julai 1936. Wa mwisho kujulikana akafia kwenye bustani ya wanyama mjini Hobart Septemba ile ile. (Dodo, ndege wa kisiwa cha Morisi aliye kwenye nembo yake, simhesabu. Huyo aliisha karne ya 17, kabla nembo haijafikiriwa.)

Wapo wanaosema alama ni pambo tu. Sikubali. Tai mwenye kichwa cheupe yuko kwenye nembo kuu ya Marekani tangu 1782, na heshima hiyo ilichangia kutungwa kwa sheria ya 1940 iliyokataza kumuua na kumuuza. Bunduki zilizuiwa, sumu ikapita mlango mwingine: DDT, dawa ya kuulia wadudu, iliingia kwa samaki anaowala, maganda ya mayai yakawa membamba, yakapasuka mama akiatamia. Mwaka 1963 zilihesabiwa jozi 417 tu zenye viota, ukiacha Alaska. DDT ikapigwa marufuku 1972, na 2007 tai akatolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Na ajabu ni kwamba cheo cha ndege wa taifa kisheria amekipata Desemba 2024 tu!

Kwa hiyo wabunge wanaoteua mnyama, sheria ile ile itaje pori lake, adhabu ya anayemuua na fungu la kumtunza. Wasioweza wawafuate Waskoti, ambao mnyama wao wa taifa ni farasi wa hadithi mwenye pembe moja. Huyo hana pori la kukatwa.

Msomaji wenu