Kwa Nini Tunatoza Ada Hata Tusipolitengeneza Jiko Lako

Kila mwaka, baridi ya Juni na Julai inapoingia Limuru na Molo, sisi mafundi wa majiko ya kuni tunalaumiwa kwa jambo lile lile: fundi alikuja, akalikagua jiko kwa saa mbili, hakubadilisha hata skrubu moja, kisha akadai shilingi 4,500. Wiki iliyopita mama mmoja alitwambia waziwazi kwamba tumemwibia, kwa kuwa baada ya ukaguzi tulimsihi asiliwashe jiko la Dover alilolikuta katika nyumba kuukuu aliyoinunua. Ni haki yake kujua alilipia nini.

Jiko la kuni la chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, hukaguliwa likiwa baridi kabisa. Tukishazoa majivu, tunaweka taa tumboni mwake, tunafunga milango na kutia chumba giza; penye ufa, mwanga huchungulia. Kisha tunabana kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta, nacho kikitoka bila kukaza, kamba ya kuziba mlango imekwisha. Katika majiko ya kale kamba hiyo huweza kuwa ya asbestosi, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo tafadhali usiikwangue mwenyewe.

Bomba la moshi tunaligonga kutoka chini hadi juu, kwa maana bati zima hulia na lililoliwa na kutu hutoa sauti butu, halafu tunapitisha brashi. Kuni mbichi huacha utando mweusi unaong'aa kama lami, na utando huo ukishika moto bomba huunguruma huku dari ikiwa karibu. Huko Molo tuliwahi kutoa karai mbili za masizi, na kiota cha ndege juu yake, katika bomba ambalo mwenyewe aliapa kwamba lilikuwa limesafishwa.

Linalotuuma zaidi ni ufa wa bamba, kwa sababu hapo ndipo wateja hukimbilia njia ya mkato. Chuma cha kusubu si chuma cha geti: kikichomelewa kwa vijiti vya kawaida, bila kupashwa moto kwanza na kupozwa polepole, hupasuka tena kando ya mshono. Mzee mmoja wa Kinangop aliiona bei yetu ya bamba jipya kuwa ya kikatili, akampelekea fundi wa mageti bamba lake lililopasuka alichomelee kwa robo ya bei hiyo. Majuma matatu baadaye ufa mmoja ulikuwa umezaa mitatu, na bamba lenyewe halikufaa tena hata kuwa kiolezo cha kusubia jingine, ikatubidi tuchonge kiolezo cha mbao, kazi ambayo haikuwamo katika bei aliyoikataa. Wengine huziba kwa saruji ya ujenzi, nayo hubanduka baada ya mioto michache.

Jiko la yule mama lilikuwa limepakwa rangi mpya nyeusi, na chini ya rangi, upande wa nyuma, ulikuwapo ufa wa urefu wa kiganja. Moshi mtu huuona akaukimbia. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo motoni na kupenya kwenye ufa kama huo, haina rangi wala harufu, na Julai madirisha ya Limuru hufungwa tangu magharibi. Akiamua kutengenezewa nasi, tutaikata ile ada katika gharama ya bamba. Akienda kwingine, karatasi ya ukaguzi ni yake, na mahali ufa ulipo pamechorwa.