Shukrani kwa kaka aliyenishika mkono chini ya maji

Kaka yangu, jina lako silijui. Nakumbuka tu mapezi yako ya manjano na kovu kwenye kidole gumba. Jumapili asubuhi, nje ya mwamba wa Nyali, tulikuwa chini mita 10 hivi, kaskazi imetulia na maji maangavu. Nilikuwa nimekuja kuwaona papa. Ghafla miwani yangu ikajaa maji, chumvi ikanichoma macho, nikabana pumzi na kuanza kukimbilia juu.

Wewe hukuwa hata wa boti yetu. Ukanidaka kwenye ukanda wa mtungi, ukaniwekea kiganja kifuani, ukawa unapuliza mapovu polepole hadi nami nikapumua. Kwa kina kile mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Hewa niliyoibana ingetanuka na kunipasua mapafu. Ukabonyeza ukingo wa juu wa miwani yangu, ukaniashiria nipulize kwa pua. Maji yakatoka.

Kisha, badala ya kunirudisha, ukanielekeza kwa kidole chini ya jabali. Papa wawili, ncha za mapezi nyeupe, wamelala mchangani, matamvua yakifunguka na kufumba. Hawakutujali kabisa!

Nilipopanda botini, yenu ilikuwa imeshaondoka. Mama yangu amekuombea dua tangu siku hiyo. Ahsante sana, kaka. Ukiusoma ujumbe huu, chai na mahamri yanakungoja kwetu Kisauni.