Risala ya Wafanyakazi wa Posta kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Posta Duniani, 9 Oktoba 2021

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Meneja wetu,
Viongozi wa chama cha wafanyakazi,
Wastaafu wetu na wageni waalikwa,

Tunakukaribisha kituoni kwetu kwa moyo mkunjufu. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Kabla ya kuendelea tunaomba tusimame dakika moja, tuwakumbuke wenzetu na ndugu zetu waliotangulia mbele za haki tangu Machi mwaka jana.

Ahsanteni. Tuketi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo dunia inakumbuka kuanzishwa kwa Umoja wa Posta Duniani mjini Bern, Uswisi, tarehe 9 Oktoba 1874. Risala za siku hii kwa kawaida hueleza huduma mpya na mafanikio ya mwaka. Safari hii tulikaa kikao, tukakubaliana tukueleze habari ya saa zetu za kazi tu, kwa sababu tumekaa nayo kifuani muda mrefu.

Mgonjwa wa kwanza wa Corona alitangazwa nchini Tanzania tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa. Sisi tukaendelea kufungua kaunta asubuhi kama kawaida, maana mifuko ya barua haichambuliwi nyumbani. Tarehe 12 Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Katika wiki zile tano mizigo ya nje ilipungua sana, lakini ya ndani iliongezeka. Watu walioogopa kupanda basi walituletea dawa za wazazi wao tuzipeleke mikoani, vipuri, vyeti, hata miwani. Ndege ziliporudi, mifuko iliyokwama huko nje ikatushukia kwa mkupuo.

Kwa ikama, yaani idadi ya wafanyakazi iliyopangwa, kituo hiki kinatakiwa kuwa na watu kumi na wanne. Corona ilitukuta tuko tisa. Wawili kati yetu wana sukari na presha, wakashauriwa na daktari wakae nyumbani. Mmoja alikuwa ameanza likizo ya uzazi ya siku 84. Dereva wetu alikaa na mtu aliyekuja kuugua, akaambiwa asitoke nyumbani siku 14. Tukabaki watano: kaunta, uchambuaji, rejista, masanduku na usambazaji wa pikipiki. Aliyekuwa kaunta mchana ndiye huyo huyo aliyekuwa akifungua mifuko usiku.

Hatutasahau mema ya siku zile. Mwenzetu mmoja alitushonea barakoa za kitenge bila kudai senti. Majirani wa soko walituletea ndoo za kunawia. Meneja wetu mwenyewe alivua koti akaingia kubeba mifuko, na tunalisema hili mbele yake bila kumbembeleza.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utuvumilie, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka wiki ya kazi kuwa saa 45. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 ndani ya wiki nne, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Ni sheria nzuri. Kikomo kile kiliwekwa ili mtu asifanyishwe kazi mpaka aanguke.

Juni mwaka jana wengi wetu tulifikisha saa 50 wiki ya tatu ikiwa bado haijaisha, na mifuko ilikuwa bado imejaa mpaka mlangoni. Mwenzetu anayeshika daftari la mahudhurio akabaki njia panda. Akiandika saa ya 51, anaandika kwa mkono wake kwamba kituo kimevunja sheria. Asipoandika, mtu aliyeko pale mbele yake, amechoka, jasho linamtoka, hayupo. Akaacha kuandika. Hatumlaumu, hata mmoja wetu.

Lakini tazama kilichofuata. Saa zile hazikulipwa, na hilo linauma. Linalouma zaidi ni kwamba daftari sasa linaonyesha kituo kilichotulia: watu watano, saa 50 kila mmoja, mifuko yote imekwisha. Mpanga ikama akilisoma huko aliko ataona watano wanatosha. Tulijiua kwa kazi, na kazi yenyewe ikawa ushahidi kwamba hatuhitaji wa kutusaidia.

Likizo nayo ina habari yake. Sheria inatupa siku 28 kwa mwaka. Mwajiri anaweza kuzisogeza miezi sita baada ya mwaka wa likizo kwisha, au hadi miezi 12 kama mfanyakazi ameridhia na kazi inalazimu. Tuliletewa fomu za kuridhia, tukasaini sote tisa, wala hatukulazimishwa na mtu. Ungeondoka vipi wakati hakuna wa kumkabidhi funguo? Msambazaji wetu alifiwa na baba yake. Sheria inampa siku nne za dharura, akatumia mbili. Alizika, akapanda basi la usiku, asubuhi akawa juu ya pikipiki.

Likizo zile za 2020 mwisho wake ni tarehe 31 Desemba mwaka huu. Kuanzia kesho zimebaki siku 83. Watu tisa wakichukua siku 28 kila mmoja ni siku 252, maana yake kila siku iendayo kwa Mungu watu watatu wawe nje, na Desemba ndio mwezi wa vifurushi. Hapo hatujagusa likizo za mwaka huu.

Na dereva wetu yule wa siku 14? Hakuugua, kwa hiyo hakuwa na cheti cha daktari, na bila cheti hakuna likizo ya ugonjwa. Siku zake zikakatwa kwenye likizo ya mwaka. Nusu ya mapumziko yake aliimaliza amejifungia chumba kimoja, akipokelea chakula dirishani.

Chanjo ilipozinduliwa na Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai, tuliipokea vizuri. Tulikwenda mmoja mmoja saa ya chakula cha mchana, tukarudi kaunta na bega linauma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba nafasi tano zilizo wazi zijazwe. Tunajua hilo lina taratibu zake na halitakwisha kesho. Wakati tukisubiri, hawa wastaafu walioketi mbele yako wanayajua masanduku yetu kwa namba bila kusoma. Wamekubali kuitwa kwa mikataba mifupi, na wawili wakianza Novemba tutaweza kupeana likizo. Tunaomba pia siku za karantini zisihesabiwe kuwa likizo ya mtu, na dereva wetu arudishiwe siku zake 14. Tena tunaomba itoke ruhusa ya maandishi kwamba saa ya 51 iandikwe, hata kama malipo yake yatajadiliwa baadaye.

Kwa sababu saa zile, Mheshimiwa, tuliziandika wenyewe. Kuanzia Juni mwaka jana kila mmoja alikuwa akiandika muda wake wa kutoka nyuma ya fomu za zamani za rejista, na mwenzake anasaini. Tumezishona pamoja kwa uzi wa kufungia mifuko. Daftari hilo ndilo lililo juu ya meza, kando ya maua. Tunaomba ulipokee, uondoke nalo.

Tunaomba kuwasilisha.